Injini ya Watu Wengi

Fundi aliyekuwa akinitengenezea gari, pale Wawi, tumemzika juma lililopita. Habari ilinikuta sokoni nikichagua samaki. Nikamrudishia muuzaji samaki wake nikashika njia ya Wawi. Nyinyi mnaonisoma siku zote mnajua kuwa sina tabia ya kumgeuza kila maiti malaika. Huyu alikuwa mkali, mchelewaji, na chai yake haikunyweka. Lakini nina shukurani zake kifuani, na leo nataka kuzisema hadharani.

Nina pikapu kuukuu. Kwetu Mgogoni mwenye gari hana gari. Linakuwa lake na la majirani. Harusi, karafuu, mgonjwa, maziko, wote huja kuazima, na ukimnyima mtu utasemwa mpaka na wajukuu zake. Waazimaji nao wana adabu zao: hakuna aliyewahi kulirudisha bila kulitia petroli. Oili ndiyo haikuwa na mwenyewe. Kila mmoja alidhani aliyemtangulia ameshaitazama. Msimu mmoja wa karafuu injini ikanoki njiani, ikagonga kama kinu cha kisamvu, ikazima. Wakati huo binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho, na madaktari walishamwambia asithubutu kuzalia nyumbani. Uchungu ukimshika tu, akimbizwe hospitali. Gari la kumkimbizia lilikuwa hilohilo. Niliogopa, na nikiogopa huwa nafoka.

Nilifika gereji nikiapa kuwa gari likipona haazimwi mtu tena. Fundi akanitazama. “Yakhe, waniletea injini au waniletea ugomvi?” Akaishusha injini, akaifungua, kisha akatuma watu wawaite waazimaji wote. Nilifurahi, nikijua watakaripiwa. Kumbe alikuwa ametandika gunia, akapanga juu yake krenki iliyolika, beringi zilizoungua na pistoni iliyopasuka. “Shikeni mwone,” akawaambia. “Wala msiulizane nani. Hii haikufa mkononi mwa mtu mmoja. Imekufa na kiu, na nyote mwainywesha petroli.” Bi mmoja, jirani yangu, aliyekuwa akilipakia gari langu magunia yake ya karafuu, akaigusa beringi kwa ncha ya kidole. “Masikini! Kumbe nayo ina damu yake?” “Ndo hivo, Bi. Na damu yake oili, si petroli.”

Wakagawana kazi. Mmoja alivuka bahari na krenki kwenda Unguja kuikereza, mwengine akahangaika kutafuta pistoni, na Bi akawa anamletea fundi chakula, na chai inayonyweka. Mimi nilitaka injini irudi ilivyokuwa, basi. Fundi akakataa. “Ilivyokuwa ndivyo ilivyokufa. Gari hili si lako peke yako, n'shaona. N'talitengeneza la watu wengi.” Akatia pampu ya oili yenye nguvu zaidi, akafunga rejeta pana ya kuipoza, kisha akaunganisha waya mpaka kwenye honi, ili oili ikipungua honi ilie yenyewe bila kunyamaza. Siku ilipolia mara ya kwanza pale kijijini, watu walitoka na vidumu vya oili kana kwamba nyumba inaungua.

Uchungu ulimshika binti yangu asubuhi moja, gari likiwa limeshatoka gereji. Mimi nilikaa nimemshika mkono, na aliyeendesha alikuwa mmoja wa waazimaji. Pikapu ikapanda vilima vyote bila kukohoa. Mama na mtoto wakapona, alhamdulillahi.

Tangu hapo nimeona vingi vya shirika vikiharibika, visima na mashine za kusaga, na kila mara tunaanza kumsaka mkosaji. Tunampata, tunamwaibisha, na kisima kinabaki kikavu. Marehemu alinifundisha njia nyengine: waite watu waone kilichoharibika, kisha kitengeneze kiwe na nguvu za kuwabeba wote. Lau angenisikiliza mimi, lile gari lingefungiwa bandani, na majirani zangu wangekuwa watu wa kunipita bila salamu.

Siku ya maziko mjukuu wangu aliniuliza yule bwana alikuwa nani wetu, mbona nalia. Nilitaka kumwambia ni fundi wa gari, nikaona sitakuwa nimesema kitu.

“Huyo,” nikamwambia, “alikuhangaikia kabla hujazaliwa.”