Namba ya Mchumba wa Zamani

Simu yangu iliingia ziwani pale Kibirizi, nikiwa nimeinama kumpiga picha bibi harusi akishuka kwenye boti. Kitambulisho nacho kilikuwa ndani ya kava, hivyo hata laini nisingeweza kuirudisha upesi. Sikuhofu. Picha zote za harusi huwa zinajihifadhi mtandaoni, na kompyuta nilikuwa nayo nyumbani.

Kompyuta ikakubali nenosiri, kisha ikataka hatua ya pili: namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu. Simu ipi? Yangu ilikuwa chini ya maji pamoja na samaki, migebuka. Ikabaki namba ya akiba, ambayo niliiandika enzi za mapenzi. Ilikuwa ya mchumba wangu wa zamani, sasa mke wa mtu kule Katubuka.

Nikaazima simu ya jirani, nikapiga. Akapokea mumewe.

"Habari za saa hizi, kaka," nikasema. "Kuna namba zimeingia kwenye simu ya shemeji. Naomba unisomee."

"Shemeji yako kwa nani?"

Nikajitambulisha.

"Na hizo namba ni za nini?"

"Za kuthibitisha kwamba mimi ni mimi."

"Basi njoo nikuone kwanza."

Nikapanda bodaboda, kompyuta nimeikumbatia. Nilimkuta kasimama mlangoni na simu ya mkewe mkononi. Mkewe alikuwa mlangoni pa jikoni anachambua dagaa. Akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye," akaficha uso akicheka.

Nikaomba namba upya. Zikaja. Mume akazisoma moja moja, na kwa kila moja akanitazama usoni kama hakimu. Zikapitwa na muda.

"Msomee haraka aondoke!" mkewe akasema.

Nikaomba nyingine, akazisoma mfululizo, na safari hii akaunti ikafunguka. Kabla ya bibi harusi ikajitokeza picha ya zamani: mimi na mke wake ufukweni, tumevaa kitenge cha aina moja. Nikaifunga kompyuta kwa kishindo.

"Fungua," mume akasema.

Nikafungua. Akaitazama weee, kisha akageukia jikoni.

"Mke wangu, hiki kitenge si ndicho kilichoshonewa hilo pazia letu la dirishani?"

"Kitenge kina kosa gani?" akajibiwa.

Akashusha pumzi. "Toa namba ya mke wangu humo."

"Nikiitoa lazima niweke nyingine."

Akafikiri. "Weka yangu."

Nikaiweka, na picha za harusi zikafika kwa wenyewe. Juzi yule mume akaniita nimfungulie naye akaunti yake. Tulipofika kwenye namba ya akiba, akaniambia niandike yangu mimi. Sikumuuliza kwa nini si ya mkewe.