Baba Lehema

Sisi tuliokulia Kirumba, kando ya ziwa, enzi zile za kaptula na magauni yenye viraka tulicheza kutwa nzima, na hakuna mzazi aliyejua tulipo mpaka njaa iturudishe nyumbani. Tulirushiana mpira wa soksi kwenye rede, tukajificha nyuma ya mawe makubwa kwenye kombolela, tukafinyanga ng'ombe wa udongo na kuwaanika ufukweni kando ya dagaa za watu. Mfukoni kulikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, unatafuna mpaka taya zinauma. Mama alikuwa akisema, "Mtoto asiyenuka samaki hakushinda hapa." Watoto wa leo wakigusa udongo tu wanaomba sabuni.

Haya yamenirudia kwa sababu juzi, kwenye kikundi chetu cha sanaa pale Kiseke, tulikubaliana kila mmoja awasimulie vijana alikoanzia. Deusi, mchongaji wetu, alianza kwa kukata magurudumu ya gari kutoka kwenye kandambili za baba yake, na kipigo alichokipata hajakisahau. Mama Koku, msukaji wa mikeka, alifundishwa na bibi yake huko Kagera, ambaye alifumua kila mstari uliopinda. Watu wakacheka. Ikafika zamu yangu, mimi mwandika mabango, nikahisi masikio yanapata moto kama zamani.

Baba yangu alipaka rangi mitumbwi pale Mwaloni, ufukweni inakoegeshwa. Akichora samaki, hasa sato, utadhani atakurupuka. Lakini shuleni alitolewa akiwa darasa la pili akachunge ng'ombe, kwa hiyo maneno aliyaandika kama alivyoyatamka, na sisi Wasukuma r na l hutuponyoka. Basi Mama Magesa, jirani yetu, akapata mtumbwi mpya, akataka uandikwe "Rehema ya Bwana". Baba akauandika kwa herufi kubwa nyekundu zenye kivuli cha njano: LEHEMA YA BWANA. Mama Magesa naye hakujua kusoma. Akafurahi, akatuzawadia sato wawili.

Wenzangu shuleni walijua kusoma. Mwalimu wa Kiswahili naye aliuona mtumbwi, akaliandika neno ubaoni kama mfano wa kosa, nadhani bila kujua ni la baba wa nani. Darasa zima likanigeukia. Tangu siku hiyo jina langu la Kabula likafa, nikawa Lehema, kwenye foleni ya uji, kwenye rede, hata kanisani.

Asubuhi moja ya baridi baba akaniletea sweta niliyoisahau. Watoto wakamwona getini, wakapaza sauti, "Shikamoo, Baba Lehema!"

"Marahaba, wanangu!" akajibu kwa furaha, akawapungia mkono. Nikatamani ardhi inimeze.

Jioni, akisuuza brashi kwa mafuta ya taa, akaniuliza, "Kabula, mbona wenzako wananiita Baba Lehema? Mtumbwi umewapendeza, eeh?"

Nikamjibu nikiangalia chini, "Baba, umekosea. Siyo Lehema. Ni Rehema."

"Kwani mimi nimesemaje?"

"Umesema Lehema."

Baba aliendelea kuisuuza ile brashi, ingawa ilikuwa imeshatakata.

Jumamosi akaniambia tu, "Twende." Mwaloni palikuwa pamejaa wachuuzi. Baba akaingia majini mpaka magotini, akaifunika ile L kwa rangi nyeupe, akasubiri ikauke juani huku watu wakikusanyika. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nichoree." Nikachora R kwa kijiti mchangani. Wimbi likaifuta. Nikachora tena.

"Jamani, njooni muone!" akapiga kelele mchuuzi mmoja. "Fundi anafundishwa kusoma na binti yake!"

Baba hakugeuka. Akaifuata R yangu kwa brashi, mstari kwa mstari. Nilimwonea aibu baba yangu, kisha nikajionea aibu mwenyewe kwa kumwonea aibu, na hii ya pili ndiyo haijaniisha mpaka leo.

Baada ya hapo hakuandika tena hata neno. Alichora samaki wake au ndege wake, akaacha nafasi, akaita, "Kabula, njoo uweke maneno." Nilikuwa darasa la tano. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi. Hakunisifu. Nikimaliza, alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, midomo ikicheza, nami niligeukia ziwani ili nisimwone.

Nilipomaliza, Neema, binti anayetengeneza mabango kwa kompyuta, akasema, "Pole, mama. Lakini siku hizi si unafuta tu? Simu yenyewe inakusahihisha." Wenzake wakaitikia.

Kweli kabisa. Enzi zetu kosa la mtu lilisafiri mpaka Ukerewe na kurudi, kila mwalo ukilisoma, na mwenyewe aliingia majini mchana kweupe kulirekebisha, mwanawe akiwa pembeni. Siku hizi linafutwa kabla hata mtu hajaliona. Nawafurahia vijana wetu, Mungu anajua. Hakuna mtoto wao atakayeitwa nilivyoitwa mimi. Ila nikipita Mwaloni sasa, naona majina yote yamechapwa yakabandikwa, yamenyooka, hayana kosa hata moja, na siwezi kukuambia ni lipi limetoka mkononi mwa nani.