Kitambaa Kimoja, Spika Mbili

Muuza spika alinionea huruma. Nilikuwa nimeyapita masabufa yake yote, yale yenye taa za rangi yanayotikisa vikombe hadi kwa jirani, nikaenda kusimama kwenye kona ya mitumba, mbele ya spika mbili za mbao, ndogo kuliko debe.

"Dada, hizo za wazee," akaniambia. "Hazitikisi."

"Kwangu hakuna anayetaka kutikiswa."

Akaniwashia wimbo wa zamani wa dansi, kwanza kwenye sabufa, kisha kwenye zile ndogo. Kwenye sabufa mwimbaji alikuwa kama ametumbukizwa ndani ya pipa. Kwenye zile ndogo nilimsikia akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nikasema zifungwe.

Nilikuwa nazinunua kwa ajili ya mama. Baada ya baba kufariki tuliiuza nyumba ya Kirumba, maana ngazi za mawe za kupandia kule mlimani zilishamshinda mama, nami nikamleta kwangu Butimba. Alikuja, lakini hakuhamia. Begi lake lilikaa nyuma ya mlango limefungwa, kila asubuhi akitoa gauni moja na kulifunga tena. Alikuwa akisema atakwenda Magu kwa mdogo wake, wakati mimi najua mjomba mwenyewe anatunzwa na wakwe. Nikimwambia hapa ni kwake, anacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata ufagio umeninyima."

Kweli nilimnyima. Nilidhani kumpumzisha mzazi ndiyo heshima.

Basi nikawaza Jumapili za Kirumba. Tukitoka kanisani baba alikuwa anafungua redio yake ya mbao, mama anamenya viazi vitamu mlangoni, na magitaa yanacheza mpaka chai inaisha. Nikasema, nikimrudishia Jumapili ile, begi litafunguka.

Nilikuwa na stoo ndogo upande wa nyuma, dirisha lake limetazamana na jiwe kubwa. Chumba cha namna hiyo hakitaki spika kubwa: besi inakosa pa kwenda, inarudi kukukaba koo. Hata hizi ndogo, nilipozisogeza ukutani, zilinguruma kama mtu mwenye mafua. Ilibidi zikae mbali kidogo na ukuta, kila moja juu ya stendi yake, na ile koni ndogo inayotoa sauti nyembamba iwe sawa na sikio la msikilizaji aliyekaa. Na msikilizaji ni mama, ambaye ni mfupi. Nikamwomba akae kwenye kiti cha baba tulichokuja nacho kutoka Kirumba, nikashusha kamba kutoka sikioni mwake hadi sakafuni.

"Unanipima nini? Jeneza?"

"Stendi ya muziki, mama."

"Haya. Usinipunje."

Kamba ile niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea stendi mbili za bomba. Nikazijaza mchanga mkavu wa ziwani ili bomba lisiitike muziki unapopigwa. Nikatandika mkeka, nikatundika pazia zito, nikazigeuza spika kidogo zitazame kiti. Mimi nikikaa pale sauti inanipita chini ya kidevu. Mume wangu akaniuliza kama nimejenga chumba au nimeshona nguo.

Jumapili nikamkaribisha. Alikaa na mkoba mapajani, magoti pamoja, kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Nikaweka wimbo uleule wa dukani, ambao baba alikuwa akiupenda. Gitaa moja likasimama kushoto, lingine kulia, na mwimbaji katikati, mahali ambapo hapakuwa na kitu zaidi ya ukuta. Mimi nilisisimka. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri sana, mwanangu. Kama wamo humu ndani." Akaufunga mkoba wake. "Nadhani Alhamisi nitapata gari la Magu."

Iliniuma. Nikainama kujifanya narekebisha waya, maana sikutaka anione uso.

"Lakini mbona umeziacha uchi?" akauliza. "Vumbi lote hili."

Kabla sijajibu ameshaondoka. Nilisikia zipu ya begi ikivutwa. Akarudi na kitambaa cha kufuma, cheupe kilichogeuka rangi ya chai, na nikakijua hapohapo: kilikuwa cha redio ya baba. Alikikunjua juu ya spika ya kushoto, akakishusha mbele mpaka kikaifunika koni, akanyoosha pembe zake kwa kiganja. Mimi, niliyevua hata vifuniko vya spika ili sauti isizuiwe na uzi mmoja, nilikuwa nimeshainua mkono kukiondoa.

Wimbo ulikuwa umeanza tena wenyewe. Gitaa la kushoto likafifia, makali yakaisha, likawa la mbali na la joto kidogo. Ndilo lilikuwa gitaa la Kirumba. Miaka yote ile sikuwahi kulisikia ila limepita kwenye kitambaa cha mama, nami nilikwenda kulitafuta dukani. Nilishusha mkono, nikalia bila kujificha.

Mama alikuwa anaiangalia spika ya kulia.

"Na huyu mwenzake?"

"Kitambaa ni kimoja, mama."

"Redio ilikuwa moja." Akainama, akahesabu matundu ya pindo kwa kidole. "Kesho ukitoka kazini niletee uzi mweupe. Mwembamba, usiniletee ule wa masweta. Sindano ninayo."

"Na Magu?"

"Nitaondokaje, mmoja kavaa na mwingine yuko uchi? Watu watasema nini?"

Uzi nilimletea. Tangu hapo mvua zimekuja na kupita, na spika ya kulia bado iko uchi. Muziki wangu umeegemea upande mmoja. Mwenye masikio mazuri akija, anadhani nina waya mbovu. Gauni za mama zimetundikwa kabatini, na ndani ya begi kuna viatu vya mvua vya watoto.

Juzi nilimkuta kwenye kiti chake, kitambaa cha pili kimebaki pindo tu. Aliniona, akakigeuza huku na huku, akasema kuna mstari amekosea. Kisha akavuta uzi, akaanza kufumua.

Nilitazama mistari yote. Haikuwa na kosa.

"Fumua tu, mama," nikamwambia.