Kigari cha Baba siku ya posa

Jamani, mwenzenu nimeaibika.

Leo wamekuja kumposa dada. Mimi na haya zangu nikajibanza kando ya kabati la kioo, nikabonyeza kitufe cha kigari cha mapambo cha Baba, kile cha thamani asichotaka kiguswe. Paa lake hufunguka kwa mota. Likafika nusu, likakwama, mota ikazidi kunguruma. Haizimiki! Betri imefungiwa kwa skrubu.

Nikakificha ndani ya buibui.

Papo hapo wanaume barazani wakaanza dua. Wanawake wote wakainua mikono. Mimi nimeshika tumbo, ngrrrr.

Nyanya yake mposaji akaniinamia: "Mjukuu wangu, tumbo lakusokota?"

"Naam, nyanya."

Sasa nimelazwa chumbani, nimeshanyweshwa tangawizi, na kigari kingali changuruma chini ya mto.

Baba abisha mlangoni, aja kunijulia hali.

Nifanyeje?