Fundi Jotojoto na Mjusi Aliyeshonewa Koti

Mkono wa Fundi Jotojoto umo ndani ya sanduku la kioo mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kimelala juu ya kigae, macho yapo kwenye saa. Ni saa nne asubuhi, sebuleni kwa fundi cherehani mstaafu, na hakuna anayethubutu kukohoa.

Kawaida, akipima joto, mkono huo hukaa humo dakika tano. Leo dakika ya kwanza haijaisha, anauchomoa kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

"Mzee wangu," anasema huku akiupuliza, "hapa unafuga mjusi au unakaanga?"

"Binti, usinipandishe presha," anajibu mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Pindo. "Mimi nimekuita uniambie kwa nini Meneja hali."

Meneja ndiye mjusi mwenyewe: madoadoa mwili mzima, urefu wa rula fupi, uso wa mtu anayesubiri ripoti iliyochelewa. Leo hana umeneja wowote. Amejibana kwenye pembe ya mbali, tumbo ndani ya bakuli la maji. Siku kumi na moja hajaonja kitu. Mijusi wa aina yake huweka akiba ya mafuta mkiani, na mkia wa Meneja, uliokuwa mnene kama kidole gumba, sasa umebaki penseli.

Hilo ni tatizo la kwanza. La pili limesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jumamosi hicho kisanduku kilinukia kuungua," anasema mke wa Mzee Pindo. "Kikinukia tena, Meneja anaachishwa kazi, anarudi dukani alikotoka. Siwezi kufa kwa moto kwa sababu ya mjusi, mwanangu."

Fundi Jotojoto anaitikia kwa kichwa. Hapo Bibi ana haki, na mzee anajua, ndiyo maana ameinamia viatu vyake.

Mwanamke huyu wa miaka thelathini na minne alisomea umeme chuo cha ufundi, akaanza kwa kutengeneza pasi, feni na majiko. Miaka mitatu iliyopita mtoto wa dada yake alipewa zawadi ya mjusi, akamwomba mama mdogo amwekee joto. Akaweka mkeka wa umeme chini ya mchanga, akaondoka kifua mbele. Mjusi akafukua mchanga, akalala juu ya mkeka wenyewe, akababuka tumbo.

"Alipona, lakini yule mtoto aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau," anasema. "Mjusi akishapata pa kujipasha haondoki haraka, hata pakimuunguza. Nikasema, hii kazi nitaijua au niiache."

Leo ameshafunga masanduku zaidi ya arobaini, na karibu nusu ya riziki yake inatokana na mijusi. Shemeji yake, aliyecheka mpaka akashika mbavu aliposikia habari hiyo, siku hizi humbebea ngazi.

Sasa anapiga magoti kukagua. Kipimajoto kinasoma nyuzi arobaini na tatu mahali panapotakiwa thelathini na mbili. Ajabu ni kwamba vifaa vyote vipo na ni vizima. Mkeka wa joto umechukua theluthi moja tu ya sakafu, kwa hiyo upande wa pili unatakiwa kubaki na ubaridi. Taa ya mchana ina wavu wa kuzuia mjusi asiiguse, na kuna saa ya kuizima jioni. Kidhibiti joto, kile kidude kinachouwasha na kuuzima mkeka, kimebanwa ukutani. Dukani hawakukosea.

Kasoro moja: sanduku limevaa koti. Koti kweli, la mahameli ya bluu, lenye bitana, vifungo vinne na mfuko.

"Mfuko wa nini, mzee?"

"Koti bila mfuko ni shuka, binti."

Anafungua vifungo kimoja kimoja. Juu, pale mahameli yalipogusa kofia ya taa, kuna doa la kahawia la ukubwa wa sarafu. Bibi analiona, analigusa kwa kidole, anamwonyesha mzee ncha yake. Mzee anarudisha macho kwenye viatu vyake.

Halafu Fundi Jotojoto anaushika waya mwembamba unaotoka kwenye kidhibiti joto, anaufuata kwa vidole. Hauendi ndani ya kioo. Unapotelea kwenye koti.

"Nani kauhamisha huu waya? Huu wenye kichwa kama punje ya mchele?"

"Aa, huo!" Uso wa mzee unang'aa. "Ulikuwa unaning'inia humo ndani ovyo, kama uzi aliosahau kuukata mwanafunzi. Nikautoa, nikaupindia vizuri." Anageuza upindo wa koti kwa fahari. Mishono midogo, iliyonyooka, huoni pa kuingiza hata ukucha. Miaka arobaini na mbili kwenye cherehani haimruhusu mtu kuacha kitu kinaning'inia.

Fundi Jotojoto anakaa chini sakafuni, anacheka mpaka machozi. Kisha anaeleza polepole.

"Baba, huu ndio unaopapasa sakafu na kukiambia kidhibiti 'basi, zima'. Wewe umeutoa nje, unapapasa hewa ya sebuleni. Sebule ina nyuzi ishirini na mbili. Kwa hiyo mchana na usiku unalalamika, 'baridi, ongeza, baridi, ongeza!' Mkeka umekuwa ukijaribu kupasha moto nyumba nzima, kwa kuanzia tumbo la Meneja."

Mzee Pindo hacheki. Anamwangalia mjusi kwenye bakuli la maji. "Kumbe ni mimi," anasema.

Jikoni, Bibi anamwambia fundi kwa sauti ya chini: "Mikono ilipoanza kumtetemeka, akaacha kushona, akaacha hata kunyoa ndevu. Huyo mjusi ndiye aliyemrudisha kwenye cherehani na kwenye kioo cha kunyolea. Mtengenezee, mwanangu. Ila moshi sitaki."

Kazi inachukua saa moja na nusu. Koti linavuliwa moja kwa moja. Kichwa cha waya kinabanwa imara kwenye kigae, juu ya mkeka, mahali mjusi hawezi kukisogeza. Nyaya zinaning'inizwa zikiwa na kona ya chini, maji yakimwagika yadondoke kabla ya kufika kwenye soketi. Kisha anatoa sharti ambalo wateja wote hulichukia: sanduku liwake siku nzima likiwa tupu.

"Siku nzima? Na yeye?"

"Atalala hotelini." Hoteli ni kopo la aiskrimu lenye matundu.

Kesho yake mkono unamaliza dakika tano. Nyuzi thelathini na mbili upande mmoja, ishirini na tano upande wa pili. Meneja anarudishwa, anaingia pangoni, anawapa mgongo.

Siku ya tatu simu inaita. "Kala!" Mzee Pindo anapiga kelele. "Kala nyenje wawili, wa tatu kamwangalia kwa dharau!" Nyuma yake sauti ya Bibi inasikika: "Mwambie na mimi nimeona!"

Fundi Jotojoto anaikata simu huku akitabasamu, anarudi kwenye mpango anaouandika kwenye daftari. Ameshakubaliana na mwenye duka la wanyama: kila Jumamosi atafundisha wanunuzi papo hapo dukani, na hakuna atakayeondoka na mjusi kabla ya kulifunga sanduku kwa mikono yake mwenyewe na kulieleza, waya kwa waya.

"Nataka ifike siku nisiitwe tena kuokoa mjusi," anasema. "Niitwe kunywa chai tu."

Darasa linaanza wiki ijayo. Aliyejiandikisha wa kwanza ni Bibi. Mumewe ameambiwa abaki nyumbani, na asiguse kitu.