Kisima cha Bi Zaituni

Siku ile ya vigelegele naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani ningekuwa bubu. Umeniambia Jumamosi mafundi wanakuja kusukuma maji ya presha kwenye kisima chako. Kaa kwanza. Chai ikipoa, basi ipoe.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Mbezi Beach, kabla mahoteli hayajatuziba upepo. Harusi yangu ilikuwa imekaribia, nimewekwa ndani kama mwali, na marehemu baba yangu, babu yako Mzee Kondo, aliapa kwamba wageni wangu hawatapikiwa kwa maji ya kuomba. Maana waombaji tulikuwa sisi. Visima vyetu vyote vilikuwa vya chumvi. Maji matamu yalitoka kwa jirani yetu Bi Zaituni, kwenye kisima alichokichimba marehemu mumewe kwa mikono. Waliofunga walifuturu kwa maji yale. Mtu akifa, hata turubai halijafungwa, madumu yalishaanza kujazwa uani kwake, kwani maiti wa mtaa wetu waliogeshwa kwa maji ya Bi Zaituni. Hakumnyima mtu. Ila yeye na baba walikuwa na kinyongo cha siku nyingi, kisa ua wa mpakani, na kila ndoo niliyotoka nayo kule ilimkaba baba kooni.

Basi akaleta mashine ya kuchimba. Kisima kikatoa maji kiduchu, matamu lakini kiduchu. Fundi mkuu, Mmakonde mmoja mpole, akamweleza. Dirisha langu lilikuwa wazi, nikasikia yote.

"Mzee, chini hapa ni jiwe la matumbawe, lina nyufa zake za tangu na tangu. Tutasukuma maji kwa nguvu zifunguke, halafu tupeleke na mchanga uzishikize, zisijifunge tena. Ila maji haya hatuyaongozi sie. Yakikuta ufa wa zamani yanaingia humo humo, yanaupanua, yanakwenda unakokwenda. Kuna kisima kingine hapa karibu?"

"Hakuna," baba akasema. "Piga kazi."

Nikasema dirishani, "Baba, na cha Bi Zaituni je?"

"Wewe mwali au mjumbe wa nyumba kumi? Funga dirisha."

Nikafunga. Mashine ikanguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Mara, ng'ambo ya ua, nikasikia kigelegele. Alikuwa Bi Zaituni. "Njooni muone! Kisima kimejaa! Mola kanikumbuka mie!" Maji yake yalikuwa yamepanda karibu na mdomo wa kisima, meupe kama tui la nazi. Kwetu, mwanamke akipiga kigelegele wenzake humpokea. Nilikipokea mwanangu, tena kwa nguvu, na wanawake wa mtaa mzima wakanifuata. Nilidhani ni heri ya harusi yangu.

Fundi alizima mashine. Hakumgombeza baba. Alisema tu, "Mzee, uliniambia hakuna."

Weupe ulitulia, maji yakarudi chini, nikaolewa, tukala pilau. Kisha kidogo kidogo kisima cha Bi Zaituni kikaanza kuingia chumvi, hadi sabuni ikakataa kutoa povu. Ufa ule ulikuwa umetoka kwetu, ukapita kwake, ukaendelea mpaka baharini. Zamani ulikuwa mwembamba, bahari haikupata nafasi. Sasa ulikuwa wazi, na mchanga wetu umeushikiza usijifunge. Cha kwetu nacho kikafuata. Lile jambo halikuwa na dawa.

Baba alipokwenda kumwomba radhi nilifuatana naye. Bi Zaituni alitukaribisha mkekani, akasema, "Kondo, mkitwanga kwenu, maji yangu yalikuwaga yanatikisika. Miaka yote. Ufa ule naujua tangu mume wangu yu hai. Ungeniuliza tu." Njiani baba alilia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Bi Zaituni alipofariki, nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Tulimwosha kwa maji ya boza, lile gari la kuuza maji, yananuka mpira, yule aliyewapa maji maiti wetu wote. Boza lilisimama barabarani, na mzee aliyeshika mpira wake hadi mwisho, kanzu imelowa, alikuwa baba.

Sasa nikuase. Mimi sina ugomvi na mashine. Fundi alisema kweli na alifanya kazi yake. Kisima kilikufa kwa sababu mtu mzima aliona tabu kupiga hodi. Kabla hujasukuma kitu chini ya ardhi, jua kwamba jiwe lilishapasuka kabla hujazaliwa, na nyufa zake hazijali ua wala hati yako. Pita nyumba kwa nyumba. Waulize wenye visima, waulize wazee kinachotikisika ukitwanga. Ukiambiwa acha, acha, hata kama mafundi wameshafika.

Mungu akutilie baraka, akupe majirani wa kukufungulia mlango, na siku yako ikifika uoshwe kwa maji matamu ya kwenu. Haya, inuka. Anzia kwa yule mama wa geti la kijani, ambaye tangu mgombane humsemeshi. Anza na shikamoo.