Bado Iko Chini

Mpiga gitaa wetu hutangulia kufika studio yetu ya mtaa wa Koenji. Huvua viatu, akavipanga ncha zikielekea mlangoni, kisha akakaa kufuta nyuzi kwa leso, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Akipiga, hunigeukia mimi mpiga ngoma na kukazia macho vijiti vyangu. Taa ya ukutani ikianza kumetameta kuashiria kwamba muda wetu unakwisha, yeye ndiye huiona kwanza. Kwenye albamu ya kwanza gitaa lake lilinong'ona, ya pili likasema, ya tatu likafoka. Kwenye hii mpya linanguruma, hata Fumie, mwimbaji wetu, anaimba mishipa ikimtoka shingoni. “Kaka, punguza bwana, utatuua.” “Bado iko chini,” humjibu, na kupandisha sauti ya gitaa. Waandishi wa magazeti wameandika kwamba tumepata ujasiri, nasi tukavimba vichwa.

Jana, katika mazoezi ya uzinduzi wa albamu, Fumie alijikwaa kwenye waya wa spika ya gitaa, ukachomoka ukutani. Ngurumo ikakatika. Tukaacha kupiga, tukacheka, tukasubiri mpiga gitaa amtukane Fumie. Yeye hakuacha kupiga, kana kwamba ngurumo bado ipo. Safari hii wimbo ulikuwa umemnogea, amefumba macho, vidole vinakimbia, na nyuzi zinalia kama mbu. Kicheko kikatukauka. Aliendelea hadi mwisho wa wimbo, akaivuta sauti ya mwisho kwa madaha, ndipo akafumbua macho na kutukuta tumeduwaa.

“Vipi,” akauliza, “bado iko chini?”